Bi Rangi na Harusi ya Bluu

Shangazi yangu hajui kutulia. Ukimtembelea atakukaribisha kiti, atakaa na wewe dakika tatu, kisha atainuka kwenda kuangalia kitu ambacho mwenyewe hakijui. Lakini mwaka ule alizidi. Alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kazi yake ni kurudishia filamu za zamani rangi. Watu humletea mikanda iliyopigwa na wazazi wao, ili waitazame nyumbani kwenye televisheni. Mkanda ukishakaa kabatini miaka arobaini, kijani hufa, bluu hufifia, unabaki wekundu mtupu, utadhani watu wote walisimama mbele ya tanuri. Shangazi huuingiza kwenye kompyuta, picha moja baada ya nyingine, halafu hutafuta kitu cheupe: shati, sahani, meno. Cheupe kikikaa sawa, ngozi za watu hufuata. Chumba chake kina kuta za kijivu, na akiwa kazini huvaa koti la kijivu, maana nguo nyekundu ikiakisi kwenye skrini itamdanganya. Wateja walimbatiza Bi Rangi. Mawifi zake wakasema hawajawahi kuona Bi Rangi anayevaa majivu.

Chokochoko ilianzia kwa muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa amempa filamu ya harusi yake. Alirudi wiki moja baada ya kuichukua, hata kukaa hakutaka.

"Dada, mume wangu umemfanya nini? Amekaa kama mtu aliyeopolewa mtoni."

"Hiyo ni televisheni yako," shangazi akamjibu.

"Televisheni yangu inaonyesha taarifa ya habari vizuri kabisa."

Shangazi alimfuata hadi kwake, akabonyeza rimoti mpaka vidole vikamuuma, akarudi amenuna. Siku iliyofuata alibadilisha taa ya chumba. Juma lililofuata alipaka kuta rangi upya, kisha akazipaka tena, akidai kijivu kile kina unjano ndani yake. Akanunua skrini mpya. Nayo akaiona ina unjano. Kila baada ya dakika kumi alitoka hadi getini, akatazama mawingu, akarudi. Chai alikuwa akiiacha ipoe, anaagiza nyingine, nayo inapoa.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na cherehani yake iko sebuleni. Asubuhi moja, nami nikiwepo, alimwomba mkewe uzi mweusi. Shangazi akampa. Mumewe akashukuru, akasubiri mkewe ageuke, akaurudisha uzi ule kwenye kopo na kuchukua mwingine. Bahati mbaya shangazi hakugeuka sawasawa.

"Mbona umeurudisha?"

"Basi tu."

"Basi tu nini? Sema."

Mumewe alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Mama, ule ni wa bluu. Ni bluu nzito, lakini ni bluu. Tangu mwaka jana ukinipa mweusi, unanipa huo."

"Ukanyamaza!"

"Ningekuambiaje? Bi Rangi ni wewe."

Shangazi akageuka. Akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena jikoni. Kisha akaniambia, "Vaa viatu, twende hospitali."

Daktari alimmulika macho yote mawili. "Mama, una mtoto wa jicho. Tena wawili."

"Umri huu, daktari? Mume wangu atasemaje?"

Daktari alicheka, lakini mimi niliona mikono ya shangazi ikisokota mkanda wa pochi. Akaelezwa kwamba kioo cha ndani ya jicho hugeuka kuwa cha njano kidogo kidogo, mwenyewe asijue, kama dirisha la jikoni linavyoshika moshi. Basi ndiyo maana. Kila alipoona unjano aliongeza bluu, na kila mwezi akazidisha.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia kwanza. Bandeji ilipotolewa, alifumba jicho moja akatazama shuka, akalifumba la pili, akatazama tena. Kwa jicho moja shuka lilikuwa jeupe, kwa lingine lilikuwa kama limemwagiwa chai. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kuwasha ile harusi. Bwana harusi, bibi harusi, wakwe, wote bluu. Alitazama mpaka mwisho akiwa amesimama.

"Miaka mitatu," akasema. "Filamu thelathini na tisa. Nimewatia watu maiti sebuleni kwao."

Hakusubiri hata jicho la pili lipone ndipo aanze kupiga simu. Wa kwanza alikuwa yule muuguzi. Shangazi alimpelekea mwenyewe ile harusi, rangi zikiwa zimerekebishwa upya, akaomba radhi akiwa bado mlangoni. Muuguzi aliketi, na mumewe marehemu alipotokea akicheka, alijiziba mdomo kwa kiganja. "Huyo," akasema. "Huyo ndiye."

Wengine nao walizipokea mpya, baadhi wakicheka, baadhi wakilalamika kidogo. Mmoja tu alikataa, dereva mzee wa lori ambaye mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mchanga. Mama huyo anaonekana kwenye mkanda kwa muda mfupi, anaanika nguo na kupunga mkono.

"Mwanangu," mzee alimwambia shangazi, "mimi sura ya mama yangu sikuwahi kuijua. Ninayoijua ni hiyo uliyonipa. Wajukuu wangu wamemzoea hivyo hivyo. Mwache."

"Lakini si yeye, baba. Alikuwa na ngozi yenye joto. Nimeiona sasa."

"Najua. Mwache."

Shangazi aliiacha filamu mpya mezani kwa mzee, ndani ya bahasha. Macho yote mawili sasa ni mazima, na filamu thelathini na nane zimekaa sawa. Kila baada ya majuma machache humpigia mzee yule kumjulia hali. Huongea habari za miguu yake na za mvua, na shangazi huzunguka chumba kizima simu ikiwa sikioni, akisubiri. Mzee hutaja bahasha mwenyewe, mwishoni kabisa.

"Bado sijaifungua," humwambia. "Lakini sijaitupa."