Povu la Aluminiamu

Karakana yetu ya Changamwe imezoea vyuma vizito, shafti za trela na mapuli ya winchi. Kwa hiyo mteja alipoweka mezani bonge la aluminiamu lenye vitundu kama mkate wa kumimina, nililinyanyua kwa nguvu zote; kumbe ni jepesi kama sifongo, nusura linivunje kidevu. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwani kazi ile nilipewa mimi.

"Uso huu mmoja uwe sawasawa kabisa," mteja alisema. "Utabeba kioo cha kupimia. Na sina bonge jingine."

Tajiri, mwenye karakana, aliniangalia tu. Nilikuwa kwenye majaribio, mwanamke wa kwanza kushika mashine ya kukatia vyuma, na nilijua bonge likiharibika ninarudi nyumbani Mjambere kukaa bure.

Kisu cha mashine hung'oa kuta za vitundu. Basi mimi na fundi mzee, mwenyeji wa Kisauni, tuliyeyusha mishumaa tukavijaza nta ili kuta zisimame. Nikalibana bonge kwenye jiliwa, nikakaza kama ninavyokaza chuma chochote, nikalikata. Niliweka rula juu yake, mwanga haukupenya chini yake: uso sawa. Nikalegeza jiliwa, nikapima tena. Katikati, chini ya rula, palikuwa na uzi wa mwanga.

Nilimwita mzee.

"Lilijikunja ulipolibana, mwanangu," mzee alisema. "Sasa limejirudia. Unene uliobaki unaruhusu kupitisha kisu mara moja tu. Usilibane tena."

"Litashikwa na nini, baba?"

"Na nta."

Tukaligandisha kwa nta juu ya sahani ya chuma. Nta ya mshumaa, chini ya mabati ya Changamwe, na jua linapanda! Ikilainika, bonge litang'oka linirukie usoni. Niliwasha mashine, nikasogeza kisu taratibu, huku mzee akiikanda sahani kwa kitambaa cha maji baridi na kunong'ona, "Ya Latifu, Ya Latifu." Tone la nta liliteleza ukingoni. Sikuthubutu kupumua mpaka kisu kikatoka upande wa pili.

Tuliipasha sahani moto, bonge likaachia lenyewe. Niliweka rula. Giza tupu, kila pembe.

"Kesho uwahi," tajiri alisema. "Kuna kazi."

Kabla sijasema inshallah, mzee alinisemea.