Panya wa daftari la Akinyi

Leo nimemdanganya mjukuu wangu, na mama yake alikuwa ananiangalia.

Msichana ameokota daftari la hesabu la mama yake, binti yangu Akinyi, la darasa la tano, mwaka wa themanini na tisa, akaniuliza mimi bibi yake:

"Dani, nani alipasua ukurasa huu?"

Nikasema, "Ni panya."

Ukweli ni huu, jamani. Akinyi alizidisha 142857 kwa mbili, akapata 285714. Kwa tatu, 428571. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini macho ninayo. Nambari ni zile zile, amezihamisha tu! Nikamwita mvivu, nikapasua.

Kesho yake mwalimu akaniambia, "Mama Akinyi, zote ziko sawa. Hiyo nambari ndivyo ilivyo."

Nikaubandika ukurasa kwa ugali. Pole sikusema.

Leo Akinyi akamwambia mtoto wake, "Alikuwa panya mkubwa kweli. Lakini alirudi akabandika."

Wakacheka. Mimi nikaenda jikoni, eti naangalia samaki.

Wamama, kuna mwingine kwenye kundi hili aliyemnyima mtoto pole miaka yote hii?

Akinyi, najua unasoma. Pole, mwanangu. Panya ni mimi.