Bibi Hakuanguka kwa Utani

"Mtani, hii mara ya nne unaanguka. Kaburi linakuita, kalipime upana," tabibu alimwambia bibi yangu, na foleni nzima ikacheka. Bibi naye akacheka, huku ameshika kiuno kwa mikono miwili. Mwanangu akiwa mgongoni, nikamwambia tabibu: "Leo hucheki na mtu. Mpime."



Tabibu wa zahanati yetu, hapa pembezoni mwa Tabora, ni Mzaramo. Sisi Wanyamwezi. Utani wetu na wao ni wa tangu misafara ya kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi. Hata akikusema msibani, unacheka. Basi kila bibi alipoanguka, bafuni, mlangoni, kwenye mkeka wa swala, jamaa alipata cha kuchekea. Kwenye daftari aliandika neno moja: uzee. Dawa ya kuchua, vidonge vilevile vya presha, nendeni nyumbani.

Bibi alipoanguka mara ya nne, jirani yetu, nesi mstaafu, ndiye aliyeniuliza: "Anaanguka akitembea au akiinuka?"

Nikafikiri. Akiinuka. Kila mara.

"Wampime presha amekaa, halafu amesimama. Huenda vidonge vinamzidi."

Swali lenyewe hilo tu. Miezi yote hiyo tabibu hakuuliza.

Basi siku hiyo pale foleni, nilipomwambia ampime, tabibu alijaribu kunigeuza kichekesho. "Mjukuu wa mtani kaamka na njaa." Nikamwambia mimi hapa si mtani wako, nimeleta mgonjwa. Akampima. Amekaa, sawa. Amesimama, presha ikashuka mpaka mwenyewe akarudia kipimo. Akapunguza dawa. Radhi hakuomba.

Njiani bibi akanigombeza. "Umeniaibisha. Mtani hashitakiwi."

"Ukivunjika nyonga, bibi, mtani hatakuja kukuogesha. Nitakuogesha mimi. Kesho naiandikia kamati ya zahanati."

Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Haya, andika. Ila ule utani wa kaburi uache. Ulikuwa mzuri."

Kesho yake nilipeleka barua kwa kamati ya zahanati, nikadai nakala yangu igongwe muhuri:

"Bibi yangu ameanguka na kuletwa hapa mara nne. Mara tatu hakupimwa presha akiwa amesimama. Tabibu alifanya utani badala ya kazi. Naomba ajieleze kwa maandishi, na kila mzee anayeletwa kwa kuanguka aulizwe alikuwa anafanya nini, apimwe amekaa na amesimama, na dawa zake ziangaliwe. Nitafuata jibu Jumatatu, na silitaki la mdomo."