Nyumba Isiyo na Kiwanja

Kwetu Karangkepuh kila kitu kina mwenyewe, na mwenye kitu si lazima awe mwenye kilicho chini yake. Mnazi ni wa aliyeupanda, hata ukiwa umesimama uani kwa mtu mwingine. Nyumba ni ya walioijenga. Lakini ardhi aliyoachiwa mtu na wazazi wake, akifa bila mtoto, inarudi kwa ndugu zake. Mjane hana lake hapo. Chake ni kile walichochuma pamoja na mumewe. Hakuna anayeliona jambo hili kuwa la ukatili. Tumirah mwenyewe aliwahi kulieleza mara nyingi juu ya wajane wengine, tena kwa sauti ya mtu anayejua mambo, mpaka siku lilipomfika yeye.

Tumirah alikuwa akitengeneza tempe. Alichemsha soya, akaiweka kwenye tenga na kuikanyaga mtoni mpaka maganda yakatoka, akaitia hamira, akaifunga katika majani ya mtiki, na ilipogandamana akaipeleka sokoni. Ulimi wake ulikuwa unawasha, na watu walimchokoza kwa makusudi ili wausikie.

“Tempe zako siku hizi ndogo, Yu Tumirah,” wangemwambia. Kwetu mwanamke aliyekuzidi umri kidogo humwiti jina tupu. Unamwita Yu, dada. Mwanamume ni Kang, kaka, na mtu mzima wa heshima ni Pak, baba.

“Si ndogo. Ni mdomo wako uliopanuka.”

Wakicheka wananunua.

Nyumba yake aliijenga na mumewe, Atmo, nguzo baada ya nguzo. Kila mavuno yalipokuwa mazuri walinunua mti mmoja wa mtiki, wakauanika, wakasubiri mavuno mengine. Miaka yote hiyo walilala kwenye kibanda cha makuti na mvua ikawalowesha, na Tumirah akawa anamwambia mumewe kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na gogo. Mwishowe nguzo nne kubwa zikasimama juu ya mawe yake, boriti kwa boriti zikachomekwa kwa vigingi bila msumari hata mmoja. Uwanja ulikuwa wa baba yake Atmo. Mungu hakuwajalia mtoto. Mama mkwe alipomshauri Atmo aongeze mke, Atmo alijibu kwamba mke mmoja kama Tumirah anamtosha kwa kufokewa, wawili wangemmaliza. Tumirah alisikia nyuma ya ukuta wa mianzi, akalia kwa furaha, na jioni akamfokea kama kawaida.

Nyuma ya jiko lao kulikuwa na kibanda cha Painah. Alikuja akiwa mwanamke kijana aliyeachwa na mume, hana hili wala lile, na Tumirah akampa sehemu ya kusimamisha mianzi yake. Mtu wa namna hiyo kwetu ni mkaa uani. Halipi kodi, ila anachota maji ya mwenye uwanja, anatwanga naye, anafagia, na kijiji kikikutana hana neno la kusema kwa sababu hana mahali anaposimama. Painah hakuwa na shida ya kukosa neno. Alikuwa mtu wa maneno machache, anatembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Tumirah alimkaripia kila siku na kila siku alimwekea wali. Wakazeeka hivyo, mmoja akisema na mwingine akisikiliza.

Atmo alifariki msimu wa kupandikiza mpunga. Alikaa kwenye tuta la shamba kupumzika, jembe mapajani, asiinuke tena. Walimfanyia karamu zote za marehemu, hadi ile ya siku ya elfu, ambayo ikipita ndipo jiwe la kaburi linasimikwa na watu wanakubali kwamba aliyekwenda amekwenda. Na ilipopita tu, shemeji yake Kasiman, mdogo wa Atmo, akaja kunywa chai.

“Mvua mwaka huu inachelewa, shemeji,” alisema Kasiman.

“Inachelewa.”

“Na yule kuku wangu mweupe ameanza tena kula mayai yake.”

“Mchinje.”

Kasiman akageuza gilasi mkononi. Alikuwa mtu mwema na mwenye haya, na sisi hatuna desturi ya kulivamia jambo. Tunalizunguka mpaka lichoke lenyewe. Akaongea habari za mhogo, za mfereji uliozibwa na jirani wa juu, za mguu wake wa kushoto.

“Mwanangu anaoa baada ya mavuno,” akasema mwishowe.

“Nimesikia. Mungu awabariki.”

“Hana pa kujenga.”

Basi likawa limetoka. Tumirah akatazama nje, kwenye uwanja alioufagia tangu usichana wake.

“Sema yote, Kasiman. Chai imepoa.”

“Si leo wala kesho, shemeji. Na ukitaka, nyumba ibaki hapa hapa, uishi na hawa vijana. Si watoto wako?”

Alilisema kwa moyo safi. Lakini Tumirah alisikia jambo moja tu: kwamba atakuwa bibi kizee anayekaa kwa hisani uani kwa bi harusi, achote maji, afagie, anyamaze. Kunyamaza hasa ndiko kulikomtisha.

“Mpaka mavuno nitakuwa nimeondoka,” akasema. Kasiman akaenda zake ameinamisha kichwa, na hakuna aliyefurahi.

Tumirah alikuwa na dada yake mjini Semarang, mwenye chumba nyuma ya duka. Akaamua atauza nyumba kwa mtu wa mbao, ahamie huko. Mtu wa mbao, Pak Jarwo, alikuja na pikipiki, akazunguka nyumba akigonga nguzo kwa vifundo vya vidole na kuweka sikio.

“Mtiki wa zamani huu, mama,” alisema kwa furaha. “Siku hizi hakuna. Hizi nne nitazipasua, zitatoka fremu za milango safi kabisa.”

Alipozipapasa, Tumirah alijisikia kama anayemwona mumewe akipimwa sanda kabla hajakata roho. Hata hivyo alikubali. Wakapatana lori lije baada ya siku ya soko kubwa inayofuata.

Painah alikuwepo, anamimina maji kwenye mtungi. Pikipiki ilipotokomea akasema, “Yu, usimuuzie.”

“Nisimuuzie nifanye nini? Niibebe kichwani?”

“Kiwanja kipo.”

“Cha nani?”

Painah akafunika mtungi taratibu. “Changu.”

Kaka yake Painah, mwaka juzi, alihamia kisiwa cha Sumatra na familia yake kutafuta ardhi pana, akamwachia dada yake kile kipande chake kando ya korongo. Ni kipande kibaya, mawe matupu, mbuzi wenyewe wanakipita. Lakini ni kipande. Tangu siku hiyo Painah hakuwa mkaa uani wa mtu yeyote, na bado aliendelea kuchota maji.

Ungetarajia Tumirah afurahi. Hakufurahi. Aliumia.

“Mwaka juzi! Kikulacho ki nguoni mwako. Unakula chunguni kwangu, una ardhi, unanificha?”

“Sikuficha, Yu. Hukuniuliza.”

“Nikuulize kama una ardhi? Nikuulize na kama una mkia?”

Painah akainua ndoo.

“Sasa nimekuelewa. Unataka nije nikae uani kwako. Zamu yako kukaa kibarazani, zamu yangu ndoo.”

“Sikusema hivyo.”

“Ndivyo utakavyosema.”

Painah akaitua ndoo, akatoka. Siku zilizofuata alijaza mtungi kama kawaida lakini hakuonekana tena mchana, na jikoni kukawa kimya. Tumirah alijua amekosea. Alilijua vizuri sana. Alilijua wakati anafunga tempe, alilijua wakati anakula peke yake. Ila neno la kuomba radhi halikuwa limewahi kupita kinywani mwake, na mtu hajifunzi kuogelea siku ya mafuriko.

Sokoni wakamsikia amekosa makali. Mtu alimwambia tempe zake ndogo, akajibu, “Labda,” na yule mteja akaondoka akiwa na wasiwasi juu ya afya yake.

Siku moja kabla ya lori, alitoka mtoni na tenga lake la soya, akapita njia ya juu, ile ya korongoni. Alijiambia anakwenda kuona tu jinsi kiwanja kilivyo kibovu, apate la kusema.

Magugu yalikuwa yamefyekwa. Ardhi ilikuwa imesawazishwa na kushindiliwa, na mawe madogo yamepangwa ukingoni kuzuia mmomonyoko. Katikati kulikuwa na mawe manne makubwa, bapa, ya mtoni, yamezikwa nusu. Tumirah akatua tenga. Hakuhitaji kupima, maana alikuwa ameuzunguka umbali ule maisha yake yote, gizani na mwangani, akiwa mzima na akiwa na homa. Akapima hata hivyo, kwa hatua, kutoka jiwe hadi jiwe. Yalikuwa mawe ya kusimamishia nguzo zake.

Nyuma ya mawe hayo, mahali ambapo jiko lingekuwa, aliona vijiti vinne vimechomekwa ardhini, karibu karibu. Vilikuwa alama za kibanda kidogo.

Painah akatokea bondeni, amebeba changarawe mgongoni. Alipomwona akasimama.

“Umepima na nini?” aliuliza Tumirah.

“Na kitambaa changu cha kubebea. Ulipokwenda sokoni.”

“Mawe haya umeyatoa mtoni peke yako?”

“Kidogo kidogo. Nilianza nilipoachiwa kiwanja, Kang Atmo akiwa ameshafariki. Nilijua watakuja kuudai uwanja.”

“Na vijiti hivi vya huku nyuma?”

“Ni vya kibanda changu.”

Tumirah akatazama vijiti, akamtazama mwenye vijiti.

“Ardhi ni yako. Na wewe unajiweka nyuma ya jiko langu?”

“Nimezoea, Yu,” alisema Painah.

Hapo Tumirah akalia, si kwa adabu kama tunavyolia misibani, bali kwa sauti, ameshika magoti. Painah akaogopa, akatua changarawe, hakujua aguse wapi.

“Nisamehe,” alisema Tumirah. Likatoka vibaya, kama mtu anayekohoa mfupa, lakini lilitoka. “Mjinga wewe. Nisamehe.”

Kisha akainuka, akang'oa vile vijiti kimoja kimoja, akavitupa korongoni.

Pak Jarwo alikuja na lori lake, akarudi bila mbao, na fungu la tempe tu, amebinua mdomo kwa hasira. Mavuno yalipomalizika Kasiman mwenyewe aligonga ngoma ya gogo, na wanaume wa Karangkepuh wakaja. Waliteremsha vigae na kuta, wakafunga mianzi mirefu kwenye nguzo, wakainama, mtu akahesabu, na nyumba ikasimama juu ya mabega yao. Ikakatisha mashamba makavu yenye mabua, inayumba, wanawake wanakimbia pembeni na masufuria ya wali na mboga za nazi.

“Yu, nyumba nzito! Umesahau tempe ndani?” alipiga kelele Pak Giman, mwenye tumbo lake.

“Mzito ni wewe! Tua tumbo, ubebe nyumba!”

Watu wakacheka, wakaipoteza hesabu, na nyumba ikataka kulala upande, ikabidi watukanane kidogo mpaka ikakaa sawa. Kasiman alikuwa chini ya nguzo ya mbele, jasho linamtiririka, hakukubali kupokewa njia nzima.

Walipoishusha, nguzo tatu zilikaa juu ya mawe. Ya nne ilikosa kwa upana wa kidole. Painah akashika mashavu. “Nimekosea, Yu. Nilikaza kitambaa.”

“Acha,” alisema Tumirah. “Atmo naye alikosea palepale.” Wakapachika kipande cha ubao, na kila mtu akaenda kula.

Usiku ule wanawake wawili walilala chini ya paa moja, Painah kwenye kitanda kando ya ukuta, hageuki, kama mgeni anayeogopa kukunja shuka.

Kesho yake alasiri walikuwa ndani wanachagua soya kwenye ungo. Kasiman akaja na mkungu wa ndizi, akasimama mbele ya mlango.

“Hodi!”

Tumirah hakujibu. Painah akamtazama, akidhani hakusikia.

“Hodi, wenyewe!”

“Yu, unaitwa,” alinong'ona Painah.

“Jibu wewe.”

“Mimi?”

“Amesimama kwenye ardhi ya nani yule? Au aote mizizi hapo nje na ndizi zake?”

Painah akafuta mikono kwenye nguo. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpigia hodi. Aliyemtaka mkaa uani alibisha kwa mwenye uwanja, kisha akaitiwa. Hakujua sauti yake inatakiwa ikae wapi.

“Karibu,” akasema, chini sana, soya pekee ndizo zilizosikia.

“Hodi!” Kasiman akaita kwa mara ya tatu, sasa ana wasiwasi.

Painah akasimama, ungo ukaanguka, soya zikatawanyika nyumba nzima, na Tumirah, pengine kwa mara ya kwanza, hakumkaripia.

“Karibu!” akaita Painah, kwa sauti iliyofika mpaka korongoni. “Karibu ndani! Tupo!”

Akaenda kufungua mlango.