Makali ya Kushoto

Kwa miaka arobaini na moja Verna Prystupa amenoa viatu vya barafu vya kila kijana aliyewahi kuichezea timu ya mchezo wa magongo ya barafuni ya mji wetu, Makorongo wa Wakeling, na yeye mwenyewe hajui kuteleza. Ikimlazimu kukanyaga barafu, huvaa buti za shambani na kutembea akishikilia ukuta kama mgonjwa. Haoni aibu. Husema fundi cherehani si lazima avae gauni.

Chumba chake kiko chini ya jukwaa la mashariki. Mna jiwe la kunolea linalozungushwa na umeme, benchi la mbao, hita inayonuka vumbi, na dirisha dogo la kutazamia uwanja. Kazi alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akinoa visu vya mashine za kuvunia ngano kwa nusu ya wilaya. Mwaka 1983 mnoaji wa uwanja alivunjika mkono, na kocha akamwomba Verna ashike nafasi kwa wiki mbili. Wiki hizo wachezaji walimletea viatu vya mazoezi tu. Vya mechi walivipeleka mji wa jirani, kilomita sabini kwenye theluji, kwa sababu hawakuamini kwamba mwanamke anaweza kuweka makali sawasawa. Kisha kipa mmoja, mvivu wa safari, akamwachia vyake. Kipa yule hakufungwa hata bao moja. Ikaishia hapo. Watu wa Wakeling hawashawishiki kwa hoja; wape ushindi.

Msimu huu mji ulikuwa na habari moja: Rylan Lafond, winga wa miaka kumi na tisa, kijana wa Kikrii, jamii ya wenyeji wa asili, kutoka kaskazini, mwendo wa saa mbili kwa gari. Kabla ya Krismasi alikuwa na mabao thelathini na manne. Zaidi ya hayo, katika mechi kumi na saba mfululizo hakuwahi kutoka uwanjani bila bao au pasi ya bao. Rekodi ya mji, iliyowekwa mwaka 1978, ni mechi kumi na nane.

Basi miiko ikaanza. Mchezaji akiwa kwenye mfululizo, huku kwetu kitu hakiguswi. Rylan aliacha kufua fulana yake ya ndani. Gongo lake la kuchezea alilifunga utepe akiwa kwenye kiti kilekile, dakika ileile. Familia inayompa malazi msimu huu, kama ilivyo desturi kwa wachezaji wanaotoka mbali, ilimpikia makaroni ya jibini kila siku ya mechi mpaka baba wa nyumba akaomba huruma. Na viatu vyake, ambavyo Bi Verna huvinoa kila baada ya mechi mbili, vilikaa bila kunolewa tangu mechi ya nane. Merv Lozinski, mkulima mstaafu na kinara wa mashabiki, alibandika karatasi juu ya ndoana vinapotundikwa, chumbani kwa Bi Verna: USIGUSE. Bi Verna alicheka, akatii. Hilo ndilo kosa lake, na huwa analitaja mwenyewe kabla hujamuuliza.

Maana mfululizo ulikuwa hai, lakini mabao yalikuwa yamekauka. Katika mechi sita za mwisho Rylan hakufunga hata moja. Alitoa pasi za bao moja moja, nyingine za bahati tu: mara moja kisahani, kile kigumu kinachochezwa badala ya mpira, kilimgonga gotini kikamwendea mwenzake, na mwenzake akafunga. Wakati huohuo tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ilikuwa Jumatatu saa sita mchana, na timu kubwa ya kusini ilikuwa imeleta ofa mezani: mabeki wawili na kipa, wao wamchukue Rylan. Gord Penner, meneja wetu, alisema ataamua baada ya mechi ya Jumapili.

Jumapili hiyo asubuhi, baridi ikiwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, mkahawa wa Bi Lum ulijaa mapema. Verna alikaa meza ya pembeni na mayai yake. Meza kubwa ya katikati ilikuwa inawaka moto kwa ubishi.

"Muuzeni leo," Merv alisema, akigonga meza kwa kijiko. "Ng'ombe huuzwa akiwa mnene. Akikonda utamuuza ngozi."

"Merv, wewe uliuza ngano yako wiki moja kabla bei haijapanda," alijibu Alphonse Gaudet, dereva wa basi la timu. "Usitufundishe biashara, mzee."

"Ngano haina miguu! Huyu mtoto miguu imeisha. Mmemwona Ijumaa? Anakata kona kama lori la mchanga."

"Si miguu, ni lile gongo jipya. Linapinda kama tambi."

"Gongo hilo kaanza nalo Oktoba, na Oktoba kafunga kumi na moja. Sema lingine."

"Basi ni moyo," mtu mmoja alisema nyuma yao.

Alphonse aligeuka na kiti chake. "Nani kasema moyo? Mimi ndiye ninayemwendesha yule kijana. Desemba alicheza na kidole kimevunjika, akaniambia nisimwambie kocha. Moyo tuache."

"Haya, tuache," Merv alisema. "Lakini mabeki wawili na kipa, kwa winga aliyekauka! Hata mkwe wangu angekubali, na mkwe wangu anaangalia gofu."

"Waongeze na basi lao," Alphonse alisema. "Letu hita imekufa. Naendesha na blanketi magotini kama bibi kizee."

Wakacheka mpaka Bi Lum akaja kuwamiminia kahawa bila kuombwa, ili wanyamaze kidogo.

Bi Verna hakucheka. Uma ulikuwa umesimama mkononi. Watu wale walikuwa wamepitia miguu, gongo, moyo, na bado kidogo wangefika kwenye ubongo. Viatu hakuna aliyevitaja. Wasingevitaja. Viatu vilikuwa na karatasi ya Merv juu yake, na kitu chenye mwiko hakifikiriwi. Lori la mchanga, Merv alikuwa amesema. Kweli. Na yeye Ijumaa aliona jambo jingine kupitia dirisha lake, akaliacha lipite: Rylan akifunga breki, theluji ilikuwa inaruka kutoka chini ya mguu mmoja tu.

"Verna, kimya sana leo," Merv alimwita. "Wewe wasemaje, auzwe asiuzwe?"

"Nasema mayai yamepoa," alijibu, akavaa koti.

Rylan alifika uwanjani saa sita, saa mbili kabla ya mechi, amejifunika skafu mpaka puani. Alimkuta Bi Verna chumbani mwake, amesimama chini ya ndoana ya viatu vile, mikono nyuma.

"Sijavigusa," alimwambia. "Nimekungoja. Kaa."

"Verna, tafadhali. Bado moja tu."

"Nimesema kaa, sijasema nitavigusa. Mechi ya kumi na moja ulijigonga kwenye mwimo wa goli. Mguu gani?"

Kijana alifikiri. "Wa kushoto."

"Upande wa nje?"

"Wa nje. Mbona?"

"Vishushe wewe mwenyewe. Pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali, polepole."

Kisu cha kiatu cha barafu kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati yake kuna mfereji mwembamba. Makali mazima huparura ukucha na kuacha unga mweupe. Rylan alipitisha kwenye kiatu cha kulia, unga ukatoka. Akapitisha kwenye cha kushoto, upande wa ndani, unga kidogo. Upande wa nje ukucha uliteleza kama juu ya kioo, kisha ukakwama kwenye pengo dogo lenye ukubwa wa punje ya mchele.

Akakigeuza kuelekea taa, akachungulia.

"Mabao yako yote unayafungaje?" Verna aliuliza.

"Naingia kutoka kulia, nakata kushoto."

"Unakata kwa makali yapi?"

"Ya nje, ya mguu wa kushoto."

"Wiki tatu hizi umekuwa ukicheza kwa mguu mmoja na nusu," alisema. "Huko mkahawani wanasema umeisha. Wataka kukuuza kama trekta bovu, na ukienda huko kusini utakwenda ukiamini maneno yao. Hujaisha. Mimi ndiye niliyelala. Nimeogopa karatasi ya Merv Lozinski, mtu ambaye hata kisu chake cha nyama hanoi."

"Na nikikosa leo? Ikikatika kwenye kumi na saba?"

"Waambie ni mimi. Nina miaka sitini na sita, watanifanya nini?"

Kijana alitazama karatasi ile, akaibandua, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Kisha akampa viatu.

Ili kuliondoa pengo lile ilibidi Bi Verna apunguze chuma kingi kuliko alivyopenda. Alikipitisha kisu kwenye jiwe mara kumi na sita, pumzi ameibana, cheche zikimrukia aproni. Cha kulia nacho alikishusha kiasi hichohicho, ili kijana asije akachechemea. Alipomaliza alilaza sarafu juu ya kisu na kuinama mpaka jicho likawa usawa wake. Sarafu ikiinama upande, makali hayalingani. Ililala sawa kama maji kwenye bakuli.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Merv alikuwa amesikia jiwe likiunguruma.

"Verna! Niambie hivyo si vya Lafond."

"Ni vya Lafond."

"Kumi na saba, mwanamke! Kumi na saba! Miaka arobaini na ushee tumengoja, na wewe unakwenda kukwangua bahati ya mji mzima?"

"Nimekwangua kutu, Merv. Funga mlango, joto linatoka."

"Ikikatika leo, nitasimama pale katikati na kuwaambia watu ni nani."

"Simama. Jina langu la ukoo linaanza kwa P, usilikosee."

Dakika ya nne ya mchezo Rylan alianguka peke yake. Hapakuwa na mtu karibu. Makali mapya yaliuma barafu kuliko alivyozoea, yakamtupa kifudifudi mbele ya watu elfu moja na mia mbili. Uwanja ulitoa mguno mmoja mrefu. Merv, aliyekuwa amesimama nyuma ya kioo, aligeuka akalitazama dirisha dogo la chini ya jukwaa, akalinyooshea kidole. Watu kadhaa wakafuata kidole kile kwa macho. Bi Verna hakuondoka dirishani. Alijua kwamba miguu inahitaji muda kuyaamini makali mapya.

Kipindi cha pili kilipita bila Rylan kupata kitu. Katika kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, zikiwa zimebaki dakika nane, mabao mawili kwa mawili, Rylan alipokea kisahani upande wa kulia. Beki aliyemkabili alikuwa amemsoma mechi za karibuni. Alijua huyu siku hizi hukata kona pana, akaacha nafasi ya katikati wazi. Rylan aliinamia kushoto. Mguu wa kushoto uliingia barafuni na kushika, sauti yake kama shuka jipya linalochanwa, na akapita upande wa ndani wa beki, mbele ya kipa, theluji ikiruka kutoka chini ya miguu yote miwili. Kisahani kilikuwa wavuni kabla kipa hajapiga magoti.

Kumi na nane. Jukwaa lilitikisika mpaka vumbi likaanguka juu ya benchi la Bi Verna. Dakika mbili baadaye alifunga tena, kwa njia ileile, safari hii kwa madaha kidogo.

Baada ya mechi Gord Penner alishuka chumbani kwa Bi Verna na simu sikioni, kwa kuwa juu kelele hazikumruhusu kusikia. Watu wa kusini walikuwa wameongeza beki wa tatu.

"Hapana," alisema. "Nimesikia. Watatu, ndiyo. Hapana, bwana. Huyu anabaki hapa." Akakata simu, akamtazama mnoaji wake. "Nasikia ulivunja mwiko."

"Nilivunja. Na usifikiri nitanyamaza. Kila atakayeuliza, nitamwambia."

Jumatatu asubuhi Merv Lozinski aligonga mlango wa chumba kile. Siku zote alikuwa akiingia tu. Watu wa huku hawana mazoea ya kuomba radhi kwa mdomo. Aliweka juu ya benchi duara la soseji ya moshi iliyofungwa gazetini, ile anayotengeneza mwenyewe kila Novemba na ambayo hata mkwewe haonjeshwi. Akazungumzia baridi. Akazungumzia bei ya dizeli. Alipofika mlangoni alikohoa.

"Mechi ya Jumatano," alisema, akitazama buti zake. "Ya kumi na tisa. Unadhani vitahitaji kunolewa tena?"

"Nitaangalia," Bi Verna alisema. "Nikiona vinahitaji, nitavinoa."

Merv aliitikia kwa kichwa, akavuta mlango, akaufunga vizuri.