Mama mkubwa alimwombea Mama Odila wa kwenye kitabu, kanisa zima likaelewa vingine

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kuna jamaa humu kaandika kwamba vitabu vya "bibi mmoja mkorofi na majirani zake" vinaboa, eti mtu anakunywa chai kurasa tatu na hakuna kinachotokea. Nilianza kumjibu kwa hasira, nikafuta. Bora nisimulie yaliyonipata. Asiyeamini aje Baraka aulize, wahusika wapo.

Mimi ni wa Baraka, Fizi, Congo. Utoto wangu mwingi ulipita kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kina pande mbili. Mtanivumilia.

Baada ya kurudi nyumbani nilikaa kwa dada mkubwa wa mama yangu, Mama Wabiwa. Mjane, mrefu, mdomo kama pilipili. Ukimpikia chakula kizuri anakuuliza nani alikusaidia. Nilimpenda sana, na bado nampenda.

Kazi yake ilikuwa kununua ndagala wabichi pale ufukweni asubuhi, kuwaanika kwenye turubai nje ya nyumba, kisha kuwauza wakishakauka. Hao ndagala ndio nyinyi mnawaita dagaa.

Jirani yake, Mama Alimasi, kazi ni hiyohiyo. Katikati yao kulikuwa na ua wa matete tu, tena umetoboka. Kambini hao wawili walikuwa chanda na pete. Walipika chungu kimoja, wakavuka ziwa kurudi kwao kwenye boti moja.

Ila nilipofika mimi walikuwa hawasalimiani. Wanapishana njiani kama hawaonani!

Sababu? Mvua.

Kwetu mvua ikitisha, aliyepo nyumbani anaanua ndagala wa kila mtu. Hata kama jana mlitukanana, unaanua kwanza, ugomvi mtaendelea nao baadaye. Siku moja Mama Wabiwa alikuwa ameenda mazishi Lweba. Mvua ikapiga. Akarudi akakuta ndagala wa Mama Alimasi wako ndani, wakavu, na wake wamesombwa pamoja na turubai. Alisimama barabarani akamtolea mwenzake maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Tangu hapo, kimya.

Sasa turudi kwenye kitabu.

Nilikipata Uvira, kitabu cha mitumba, kimekatika jalada la nyuma. Roman, yaani riwaya, ya Kifaransa kuhusu mama mmoja mzee anaitwa Odile, anaishi mji mdogo wenye baridi, ambako kila mtu anajua nani kanunua mkate na nani kakopa. Mkali, mpweke, anafundisha piano. Mbele ya nyumba yake anakaa rafiki yake wa zamani, na hawaongei. Kila jioni Odile anachungulia dirishani kuona kama taa ya mwenzake inawaka, halafu anafunga pazia.

Nilikuwa nasoma mchana nikilinda ndagala wasiliwe na kuku. Mama mkubwa akaniuliza nacheka nini. Nikamtafsiria kipande.

Akasema, "Endelea."

Ikawa hivyo kila siku. Mimi natafsiri, yeye anageuza ndagala na kugombana na Odile, ambaye kwa ulimi wake alikuwa Odila. "Ule mama iko na roho mbaya! Lakini mwenzake naye alimufanya nini? Kitabu kinasema?"

Hakisemi, nikamwambia.

"Basi huyo aliyeandika ni muongo. Batu hawachukiane bure."

Wakuu, sijawahi kusoma tena vile. Nimesoma vingi baadaye, kwenye kiti kizuri, taa nzuri. Lakini harufu ile ya ndagala, jua la ziwani, na mama mkubwa anamfokea mtu wa kwenye karatasi, eti mbona huyo hajala... Naikumbuka hadi moyo unauma.

Tatizo lilianza Jumapili.

Kanisani kwetu kuna wakati wa mahitaji ya maombi, mtu anasimama anasema shida. Na kila mtu anajua, ukiwa na jambo na mtu huwezi kumtaja. Unasema "kuna mama mumoja ninamujua", na kanisa lote linageuka kumtazama mwenyewe. Ndiyo desturi.

Mama mkubwa akasimama. Nikadhani ataombea goti lake.

"Bandugu, tuombee mama mumoja, anaitwa Odila. Amefunga roho. Hasalimie jirani yake, na uzee inamufikia. Atakufa peke yake."

Mungu wangu! Baraka nzima hakuna Odila. Vichwa vyote vikageukia benchi la nyuma, alikokaa Mama Alimasi.

Mama Alimasi aliinuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka kabla ya baraka ya mwisho.

Siku mbili baadaye wakaja bamama wa kanisa kusuluhisha. Wamekaa mkekani, wapole kupita kiasi. Mama mkubwa anaapa: "Odila ni wa mu kitabu!" Wanatazamana, wanaitikia "ndiyo mama, tunaelewa", sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Nikaitwa nilete ushahidi. Mmoja akaangalia picha ya jalada, msichana mwembamba kavaa kofia, akauliza, "Sasa huyu njo mzee?" Yaani, huyu ndiye mzee?

Hakuna aliyeamini. Nilicheka, lakini mama mkubwa hakucheka. Siku hiyohiyo tukasikia kwamba Mama Alimasi ameamua kuhamia Uvira kwa mwanawe Alimasi, moja kwa moja. Amechoka kutangazwa kanisani.

Mama mkubwa akasema aende tu. Chakula hakukigusa.

Kesho yake Mama Alimasi alikuwa anafunga mizigo uani kwake, tunamwona kwenye matundu ya matete. Kitabu kilibaki na chapitre ya mwisho, sura moja tu. Mama mkubwa akasema, "Soma. Na usome kwa nguvu, masikio yangu imeziba." Masikio yake hayakuwa na tatizo lolote, wakuu.

Nikasoma. Theluji inaanguka. Taa ya rafiki haijawaka siku nzima. Odile anavaa koti, anavuka barabara, anafika mlangoni. Anainua mkono abishe. Anaushusha. Anarudi kwake, anakaa kwenye piano, hapigi kitu. Mwisho.

Kabla mama mkubwa hajafungua mdomo, sauti ikatoka ng'ambo ya ua:

"We mutoto! Umesoma mubaya. Rudilia!"

Mama mkubwa akajibu bila hata kugeuka: "Amesoma muzuri. Ni ule Odila njo kichwa nguvu."

"Ju ya nini hakubisha?"

"Ju mwenzake alimukosea."

"Alimuuliza? Wapi kwenye kitabu alimuuliza?"

Kisha Mama Alimasi akasema, sauti imeshuka: "Na we haukuniuliza. Ile siku ya mvua nilikuwa kitandani, homa, sijijui. Muke wa Alimasi njo alianua zetu, mugeni, hajue desturi. We ulikuya na matusi mbele ya batu. Ningesema nini?"

Mama mkubwa alishika ndagala mmoja mkononi muda mrefu sana. Nilimwona analia. Sikuwahi kumwona analia, hata tulipomzika mumewe kule kambini.

Akasema tu, "Ukienda Uvira, mi nitagombana na nani?"

Mizigo ikafunguliwa.

Hili ndilo nililojifunza: kwenye hivyo vitabu ambavyo "hakuna kinachotokea", jambo linatokea kwa yule anayesikiliza. Kama Odile angebisha mlango, wale wawili wangeitikia kwa kichwa, hadithi nzuri, kila mtu angerudi kwake. Mwandishi sikumjua, ila namshukuru kwa kutukatalia mwisho huo mzuri.

Leo niko Bukavu. Jana nilimpigia mama mkubwa. Tukiwa katikati ya maongezi nikasikia ngurumo, yeye akaitupa simu chini bila kuikata. Mvua inadunda mabati, miguu inakimbia, halafu sauti yake, ya kizee sasa, inapiga kelele:

"Mama Alimasi! Kaa ndani na kifua yako! Za kwako naanua mi!"

Nilibaki nimeshika simu sikioni hadi salio likaisha.

Haya, nawasikiliza. Nani kwenu anachungulia taa ya mwenzake na hajabisha hodi?