Mwaka Moshi Ulipomzidi Mama

Kwetu Rusimbi, kiangazi ulikijua kwa nguo. Ukianika shuka jeupe asubuhi, mchana unalianua lina vijistari vyeusi, masizi ya nyasi zilizochomwa milimani. Watu walikuwa wanasafisha mashamba kwa moto, na upepo ukituletea moshi wote mjini. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ilipotea machoni kwa majuma mazima, na jua likashuka jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba macho.

Mama yangu alikuwa na pumu. Msimu huo alilala ameegemea mito, karibu ameketi, nami nilikuwa nimemaliza shule, kazi yangu ikawa kumwangalia.

Mwaka ninaousema, wakimbizi walivuka ziwa kwa wingi. Mama alimpa chumba chetu cha uani mwanamke mmoja kutoka Uvira, aliyefika na baba yake mzee na godoro moja lililolowa. Habari za mume hatukumuuliza, naye hakusema. Alipata kibarua ufukweni Kibirizi, akawa anabeba magunia ya dagaa pamoja na wanaume.

Mji ulifurika na kuni zikaadimika. Watu walipikia chochote: matawi mabichi, makapi ya chikichi, hata kandambili za plastiki zilitumika kuwashia moto. Moshi wa milimani ukakutana na wa majikoni, kifua cha mama kikaanza kupiga miluzi mchana kutwa.

"Mwanangu," mama alimwambia yule mgeni siku moja, kwa upole lakini amechoka, "moshi wa jiko lako unaingia chumbani kwangu."

Yule dada aliomba radhi, akahamisha mafiga yake nyuma ya choo. Tangu hapo hatukuona moshi wake tena. Mama akafurahi, mpaka alipomkuta yule mzee amekaa kivulini anatafuna ugali uliokauka kama tofali. Ndipo tukajua kwamba binti yake alikuwa anapika mara moja tu, alfajiri, kabla upepo haujaamka, wakala chakula baridi siku nzima.

Mama alikaa chini palepale. "Baba, unakula hivi kwa ajili yangu?"

"Kifua chako ni kibaya kuliko meno yangu," mzee akajibu, akacheka.

Jioni hiyo mama aliamuru mafiga yarudi uani. Tukawa tunapika chungu kimoja, moto mmoja, nyumba mbili. Moshi ukapungua, na mimi nikajifunza kupika sombe, yaani kisamvu, kama wanavyoipika kwao.

Halafu mlima wa nyuma ya mji ukashika moto. Ilikuwa mchana, anga likawa la kahawia, na mama akabanwa vibaya kuliko nilivyowahi kuona. Midomo ilibadilika rangi. Vidonge vyake vilikuwa vimekwisha. Nilitoka mbio kutafuta baiskeli nikagongana na yule dada mlangoni, anatoka kazini, kanga bado ina magamba ya dagaa.

Alimtazama mama mara moja. "Tuende ku mayi," akasema kwa Kiswahili cha kwao, akionyesha ziwani. "Kule upepo iko muzuri."

Alichuchumaa, akambeba mama mgongoni, akamfunga kwa kanga kama mtoto, akateremka naye ziwani. Mimi nilimfuata nikilia. Ufukweni upepo ulikuwa unatoka majini, safi na wa baridi. Alimketisha mama mchangani, akakaa nyuma yake awe kiegemeo, akamsemesha taratibu: "Toa pumzi, mama. Toa. Usiivute kwa nguvu." Ilichukua muda mrefu. Mama alipoweza kusema neno, yule dada alimbeba tena mpaka zahanati, wakamchoma sindano.

Baadaye dada alinieleza kuwa mzee wake naye kifua kilimsumbua tangu zamani, ndiyo maana alijua.

Haukupita muda, likaja agizo la wakimbizi kuhamia kambini, bara, mbali na ziwa, kwenye vumbi jekundu. Malori yalikuwa tayari. Mama alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, bado anatembea kwa kupumzikapumzika.

"Shikamoo, mwenyekiti. Mzee wangu ana kifua. Nyuma ya lori, kwenye vumbi hili, hafiki. Niachie mpaka mvua inyeshe."

Mwenyekiti alitafakari. "Wakiniuliza, nitasema ni mgonjwa. Mvua ikinyesha, wanaondoka."

Mvua ilichelewa, nasi tukashukuru. Ilipokuja, ilinyesha siku mbili, ikaosha miti yote, na milima ya Kongo ikajitokeza kijani, karibu kama unaweza kuigusa. Mzee aliitazama sana kabla ya kupanda lori.

Kiangazi kilichofuata, msafiri mmoja kutoka kambini alituletea habari kwamba mzee amefariki. Mama alitandika mkeka uani, akakaa matanga. Majirani wakaja kutoa pole, wakamuuliza amefiwa na nani.

"Na baba," akasema.

Binti wa mzee alikuja kututembelea baada ya arobaini, amekonda. Alilala chumbani kwa mama, na asubuhi nikawakuta wote wawili bado wanazungumza.